Barua Iliyokaa Nyuma ya Mizani

Nsimire,

Hii si barua ya kukujulia hali, maana asubuhi nimekuona ukinywa chai umesimama, mkate mkononi, na hali yako ilikuwa njema kuliko yangu. Umekwenda Katana kumuaga bibi yako na utarudi jioni na gari la parokia. Mama yako yuko soko la Kadutu anatafuta kamba ya kufungia sanduku lako. Nyumba nimeachiwa mimi, jua bado liko juu ya ziwa, na nimekaa kwenye meza ile ile ninayosahihishia madaftari. Kwa mazoea nilichukua kalamu nyekundu. Nimeirudisha, nimechukua ya bluu.

Kuhusu vidonge vya malaria, sabuni, na yule binamu wa mama yako atakayekupokea kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi, umeambiwa mpaka umechoka. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nitalisema sasa hivi, mwanzoni, kwa sababu najijua: nikilizunguka kidogo, sitalifikia.

Barua ya mwaka jana ilifika. Ile ya chuo kikuu, uliyoingoja tangu mwezi wa nane mpaka ukaacha kuuliza. Haikupotea posta, na wale watu wa Lubumbashi hawakukukataa. Walikukubali. Barua nilikuwa nayo mimi. Niliificha shuleni katika kabati la fizikia, nyuma ya mizani, na ufunguo wa kabati hilo ninao mimi peke yangu. Ule mwaka mzima uliofundisha watoto wa darasa la kwanza kule Katana, ukidhani akili yako haikutosha, ni mimi niliyekuchukulia.

Sasa unajua. Ukitaka kuikunja karatasi hapa na usisome zaidi, ni haki yako. Ukiendelea, nitakueleza ilikuwaje, nami sitajipamba. Sababu ni wivu. Nilikuonea wivu wewe, mtoto niliyekubeba mabegani kukuonesha ziwa. Na usifikiri kwamba ulikuwa wivu wa zamani ambao sasa umekwisha. Leo asubuhi nimeliangalia sanduku lako pale mlangoni, na moyo wangu ukasema, laiti lingekuwa langu.

Nianze na daftari langu, maana mambo yote yametoka humo. Unalijua, lile lenye jalada la kitambaa cheusi, ambalo hukuruhusiwa kuligusa ukiwa mdogo. Unajua pia jinsi sisi walimu wa huku tunavyofundisha. Vitabu hakuna. Mwalimu ana daftari aliloandika alipokuwa mwanafunzi, naye analisoma polepole mbele ya darasa, nukta na mkato, wanafunzi wanaandika. Atakayekuwa mwalimu kati yao atakwenda kulisoma la kwake mbele ya wengine. Mimi niliandika langu kwa kusomewa na padri mmoja Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu, ambaye alikuwa anatembea huku na huku darasani na hakurudia sentensi hata mara moja. Ukikosa neno, umelikosa maisha yako yote.

Katika mwaka wangu wa mwisho nilishikwa na homa, nikalazwa Katana wiki mbili. Wiki hizo padri alisomesha sura ya uvutano wa dunia na mizingo ya setilaiti. Niliporudi, kulikuwa na mwenzangu mmoja darasani aliyekuwa wa pili baada yangu, pointi chache tu kati yetu, na mwandiko wake ulikuwa safi. Ningemuomba daftari kwa jioni moja yote yangekwisha. Sikumuomba. Niliona haya, au tuseme ukweli, sikutaka yeye ajue kwamba yuko na kitu ambacho mimi sina. Niliacha kurasa nne tupu, nikaendelea na sura ya umeme.

Kurasa hizo zilikaa tupu miaka kadhaa. Halafu nikawa mwalimu, na ratiba ikanifikisha kwenye sura ile, wanafunzi arobaini wameshika kalamu wakinitazama. Siku zile redio ilikuwa inasema juu ya Warusi na Waamerika wanaozunguka dunia ndani ya vyombo vyao, wanaelea, kijiko kinaelea, maji yanaelea. Nikafikiri usiku mmoja, nikaona ni jambo rahisi. Kama wanaelea, basi uvutano hauko. Kama uvutano hauko, ni kwa sababu wako mbali mno. Nikaandika kwa Kifaransa kizuri, na mistari ya rula chini ya kichwa cha habari: mwanaanga anaelea kwa sababu amefika mahali ambapo nguvu ya uvutano wa dunia imekwisha. Miaka kumi na mmoja nilisomesha sentensi hiyo. Wapo mainjinia wa barabara, manesi, na hata padri mmoja waliokariri uongo wangu na kupata alama kamili.

Halafu ukaja wewe, kwenye benchi la tatu upande wa dirisha.

Unakumbuka, najua, lakini hukuiona sura ya mambo kutoka ubaoni. Nilikuwa nimevaa abakosti mpya, lile koti letu la bila tai. Nilisoma sentensi yangu, uvutano nikiuita pesanteur. Nilisikia kalamu zote zinatembea isipokuwa moja. Ukanyoosha mkono, ukasimama, ukaniita kwa heshima ya shule kama nilivyokufundisha, maana darasani sikuwa papa yako.

"Citoyen prof, kama pesanteur haiko kule juu, ni nini basi inashika satelite isikimbie moja kwa moja?"

"Kaa chini, uandike."

"Na mwezi, Citoyen prof? Mwezi iko mbali kupita satelite, na dunia inaishika bado."

Darasa likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka mpira unapopita katikati ya miguu ya kipa. Mimi nilisikia joto linapanda kutoka kwenye kola. Swali lako lilikuwa sahihi, nalo lilikuwa jepesi, hata mtoto angeliuliza, na mimi katika miaka kumi na mmoja sikujiuliza. Unakumbuka nilichokujibu?

"Toka inje, ukamate panga, ukate majani mupaka kengele ilie."

Ukakata majani nyuma ya vyoo saa mbili nzima. Nilikuwa nakuona dirishani. Ulikuwa unakata, unasimama, unaangalia juu, unakata tena. Nilijua kwamba hulii wala hunitukani, unafikiri. Na hilo ndilo lililoniuma zaidi, Nsimire. Mimi mwenyewe nilipopewa adhabu na padri, nilikuwa nafikiria adhabu.

Jumamosi iliyofuata, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma, watu wamerudi kutoka kufagia barabara na vumbi miguuni, uliniita pale nyuma ya nyumba. Ulikuwa na kopo la maziwa ya unga, umelitoboa matundu mawili kwa msumari karibu na chini, umelijaza maji na kuyaziba matundu kwa vidole. "Papa, kuya kidogo. Niko na kitu ya kukuonesha." Uliniomba nishuke nisimame kwenye njia inayoelekea ziwani, chini ya ukuta wetu, nawe ukabaki juu ya ukuta. Hukuwaita majirani. Hukumwita hata mama yako. Leo ninaelewa kwamba ulifanya hivyo kunisitiri, ili nijisahihishe bila mtu kuona. Siku ile niliona tu kwamba umesimama juu na mimi niko chini.

"Uangalie matundu, usiangalie mukebe," ukasema. Ukaondoa vidole na maji yakaruka kwa michirizi miwili. Halafu ukaliachia kopo. Likapita mbele ya uso wangu, na kwa muda ule wa kufumba na kufumbua nikaona matundu mawili meusi, makavu, hayatoi tone. Maji yalikuwa ndani, uvutano ulikuwepo, kopo lilikuwa linaanguka kwa uvutano huo huo, na bado maji hayakutoka. Likagonga ardhi, likanirushia maji mpaka magotini. Ukashuka mbio.

"Uliona? Maji iliacha kutoka!"

"Ni upepo," nikasema.

"Upepo? Papa, leo upepo haiko. Hata majani ya ndizi haitingishike."

"Upepo ndio umeyazuia."

Ukaniangalia. Hukubishana. Ukasema polepole, kama unamwambia mtoto, "Mukebe na maji binaanguka pamoja, papa. Hakuna mwenye kusukuma mwenzake." Nikakuambia nina madaftari ya kusahihisha, nikaingia ndani. Kutoka dirishani nilikuona ukirudia peke yako, unapanda, unaachia, unashuka, unaokota. Kila mara maji yaliacha kutoka. Sikusahihisha daftari hata moja.

Kwa sababu nilikuwa nimekwisha elewa, unaona. Sikuhitaji kopo la pili. Nilipokaa mezani nilikumbuka siku moja nikiwa kijana, tunakwenda Mumosho juu ya lori la mihogo, tumesimama nyuma tumeshikilia vyuma. Dereva alikuwa anapenda mwendo. Kila tulipopita kilele cha mwinuko na lori likaanza kushuka, tumbo liliniruka na miguu ikawa myepesi, mara moja hata viatu viliachana na gunia. Na kila tulipofika bondeni magoti yalijikunja na mama mmoja akanisukuma akisema, "We kijana, umekuwa muzito ghafula, uliniangukia mara tatu!" Dunia ilikuwa ile ile, mwili wangu ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni ubao wa lori, mara unanisukuma sana, mara haunisukumi kabisa. Tunachokiita uzito, kile tunachokisikia miguuni, ni ubao unaotusukuma. Mwanaanga hana ubao. Yeye na chombo chake na kijiko chake wanaanguka pamoja, mchana kutwa, usiku kucha, wanaanguka kuelekea kwetu. Kule walipo, uvutano umepungua sehemu kama moja tu kati ya kumi. Ila wanakwenda upande kwa kasi kiasi kwamba kila wakianguka mita tano, ardhi nayo imejipinda mita tano chini yao. Kutoka hapa Nguba hadi Mumosho wangetumia sekunde tatu hivi. Basi hawaifikii ardhi. Jibu hilo nilikuwa nalo katika nyayo tangu ujana wangu, na sikulisikiliza, kwa sababu halikuwa limeandikwa katika daftari.

Padri mwenye ndevu nyekundu angepata mahubiri hapo, juu ya kuanguka na kuinuka. Mimi sina mahubiri. Nilikuwa nimekosea, mtoto wangu alikuwa amepata, na badala ya kukuita nikuambie hivyo, niliacha kula na wewe meza moja kwa siku tatu nikisingizia jino.

Jumatatu sikujisahihisha mbele ya darasa. Niliruka ukurasa. Nilisema tumechelewa katika ratiba, tuingie katika umeme. Wewe hukunyoosha mkono tena katika darasa langu mpaka mwisho wa mwaka. Wenzako walikuwa wanakuja hapa nyumbani jioni, mnakaa ukutani, mnarusha mawe ziwani, unawaeleza: hili limeanguka karibu, hili mbali zaidi, sasa fikirieni mtu wa kurusha kwa nguvu mpaka jiwe lisipate mahali pa kuangukia. Walikuelewa. Nilikuwa nimekaa ndani, redio imezimwa, nasikiliza. Mimi waliniandika. Wewe walikuelewa. Hapo ndipo wivu ulipokaa ndani yangu kama mtu wa nyumbani.

Lakini kuna la nyuma zaidi, na hili hata mama yako analijua nusu tu. Umekua ukisikia kwamba nami nilipata nafasi ya kwenda chuo kikuu, na kwamba sikwenda kwa sababu babu yako alikuwa mgonjwa na mimi ndiye mkubwa. Babu yako hakuwa mgonjwa. Mwezi ule alikuwa analima, na alikuwa na nguvu za kunishinda. Niliogopa. Hapa nilikuwa wa kwanza. Kule wangekuja wa kwanza wa kila mahali, na mmoja wetu lazima angekuwa wa mwisho, nami nikajihesabia kuwa ni mimi. Nikarudisha barua na sababu ya uongo, nikambebesha baba yangu ugonjwa. Yeye aliposikia watu wanamwuliza afya, aliniangalia tu na hakunikana. Amekufa bila mimi kumwambia asante wala samahani. Kwa hiyo ukijiuliza mtu hujifunzia wapi kuficha barua, mimi nilianza na ya kwangu.

Sasa ya kwako. Unajua kwamba hapa barua haifiki nyumbani, inafika kwenye sanduku la posta la shule, na kila Alhamisi ninayekwenda kufungua ni mimi. Siku ile kulikuwa na barua tatu za mkuu wa shule na moja yenye jina lako. Nilisimama pale pale kwenye ngazi za posta nikaifungua. Sikuwa na haki. Nikasoma kwamba wamekukubali katika fizikia, na tarehe ya kuripoti. Nakuapia, Nsimire, wazo la kwanza lilikuwa jema. Nilitaka kungoja Jumapili, baada ya misa, mama yako amepika kuku, niitoe mfukoni mezani, nione uso wako. Nilitaka sehemu yangu katika furaha hiyo. Nikaiweka kabatini nyuma ya mizani isikunjike.

Jumapili ikafika, kuku yuko mezani, na wewe unamweleza mjomba wako kwa nini mwanaanga anapopanda analazwa chali na siyo kusimama: kwa sababu chombo kinapoondoka kinamsukuma mpaka anakuwa mzito mara tatu au nne, na kama angesimama damu ingekimbilia miguuni na kichwa kingebaki bila damu, angezimia. Ulikuwa umeegemeza kiti nyuma, miguu juu, unaonesha. Mjomba wako akanigeukia akasema, "Huyu mutoto anakupita, shemeji." Wote wakacheka, nami nikacheka. Nikasema moyoni, basi nitampa kesho.

Sikuamua kukuibia mwaka. Nataka ulielewe hilo, si ili unihurumie, ni kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hakuna siku niliyosema sitampa. Nilisema kesho. Kila siku ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza na jana. Tarehe ikapita. Alhamisi ulikuwa unanisubiri pale barabarani, "Papa, ku posta?" nami nakujibu, "Hakuna kitu, mwanangu." Alhamisi ngapi, sikumbuki. Nakumbuka ile ya mwisho, uliponiona ukaangalia pembeni na hukuuliza. Jioni ulimwambia mama yako kwamba utakwenda kwa bibi yako kufundisha, kwamba pengine uwezo wako ni wa hapo. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na nitakuambia jambo la aibu kuliko yote yaliyotangulia: kabla ya kusikia uchungu, nilisikia nafuu. Sasa tuko sawa, nikafikiri. Uchungu ulikuja baadaye, na haujaondoka.

Mwaka huu, ulipoandika ombi tena bila kuniambia, mama yako alikuwa anapiga pasi, akasema bila kuinua macho, "Mwaka huu, ku posta nitaenda miye." Akachukua ufunguo wa sanduku mfukoni mwangu. Barua ilipofika alikupa yeye, mkononi, imefungwa. Alipopita karibu nami akasema, "Hii imefika." Hatujaongea zaidi ya hapo. Sijui ameona nini na sijathubutu kumwuliza. Mama yako si mtu wa maneno mengi, lakini neno lake halipotei.

Unakwenda mahali ambapo kuna maabara, kuna vitabu vya kuazima, kuna watu wa kukujibu. Kesho saa nne utakuwa katika ndege pale Kavumu. Itakapoanza kukimbia, kiti kitakusukuma mgongoni, halafu utakuwa mzito kidogo inapoinuka, na ikiingia mahali pa hewa mbaya tumbo litakuruka kama juu ya lile lori. Mimi nimefundisha nguvu hizo maisha yangu yote na sijawahi kupanda ndege hata ikiwa imesimama. Mwili wako utazijua kabla ya saa tano. Ninakuonea wivu kwa hilo. Ninakuonea wivu kwa makosa utakayofanya kule na watu watakaokusahihisha siku hiyo hiyo. Nilijaribu kuuondoa wivu huu kwa sala, nilifunga Kwaresima nzima, nikapungua kilo na wivu ukabaki na uzito wake. Nimeacha kungoja uondoke. Ninachoweza ni kuukataza kushika ufunguo.

Utakutana kule na mtu anayekupita. Usicheke, yupo, labda ni binti wa Kasai aliyelala njaa ili asome. Utasikia joto lile kwenye kola. Siku hiyo muombe daftari lake. Muombe hivyo hivyo ukiwa bado umechukia, usingoje mpaka uwe mtu mwema. Na ukikosea mbele ya watu, sema pale pale kabla hujakaa, kwa sababu baada ya kukaa kosa linaanza kutafuta marafiki. Hilo nimelijua kwa njia mbaya, na sina njia nzuri ya kukufundisha. Juzi nimeingia darasani nikawaambia wa mwaka huu kwamba sentensi yangu ni uongo, na kwamba aliyenisahihisha ni binti yangu miaka miwili iliyopita, nami nikamtuma kukata majani. Mmoja akauliza kama watafutiwa alama. Nikacheka, mara ya kwanza katika sura hiyo.

Sasa kuhusu karatasi hizi. Nilipoanza kuandika, mpango wangu ulikuwa kuziweka sandukuni mwako, chini ya vitenge, uzikute Lubumbashi. Ungesoma mbali, ungelia au kutukana huko, na hasira yako ingenifikia baada ya mwezi, kwa posta, ikiwa imepoa. Nimefika katikati ya ukurasa wa tano ndipo nimeona ninachokifanya. Hiyo ingekuwa barua ya pili ninayokuficha.

Gari la parokia limesimama hapo juu barabarani, nasikia watu wanateremka. Unaongea na mama yako, mmekutana njiani, unamcheka kwa sababu ya urefu wa kamba aliyonunua. Utaingia sasa hivi. Nitakupa barua hii mkononi, pamoja na ile ya mwaka jana, nami nitakaa hapa hapa kwenye kiti changu mpaka umalize zote mbili. Kama hutaki nikusindikize Kavumu kesho, sitakuja. Lakini uniambie wewe mwenyewe, leo, ukiniangalia usoni.

Papa yako